Nani Atakesha na Mgonjwa?

Kila mara mashine mpya za hospitali zinapopokewa, huwapo sherehe. Hutolewa hotuba, hupigwa picha, mtoaji hushukuriwa na mpokeaji huahidi kwamba vifaa vitatunzwa. Hatuna ubaya na sherehe hizo, kwani kushukuru ni ada yetu. Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu hukosa nafasi katika hotuba, nalo ndilo tunalotaka kuliuliza leo mbele ya wananchi wa Unguja na Pemba na mbele ya viongozi wanaopanga mambo ya afya: ni nani aliyefundishwa kukaa ubavuni mwa mashine hiyo saa tisa za usiku, wakati mafundi walioileta wamekwisha kurudi kwao?

Tunazungumzia mashine ya kupumulia, yaani ile inayosukuma hewa ndani ya mapafu ya mtu asiyeweza kuvuta pumzi kwa nguvu zake mwenyewe. Kabla ya mwaka 2020 walioijua walikuwa wachache. Maradhi ya korona yalipoenea, jina lake likawa midomoni mwa kila mtu, na mwezi wa Aprili mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaeleza kuwa katika nchi 41 za Afrika, hospitali za umma zote kwa jumla zilikuwa na mashine zinazofanya kazi zisizofika 2,000. Dunia ikashikwa na pupa ya kununua. Zikahesabiwa mashine katika kila mkutano. Wauguzi wa kuziendesha hawakuhesabiwa kwa bidii ile ile.

Wala habari ya mashine hii haiishii hospitalini. Wapo wagonjwa ambao hupona kila kitu ila pumzi. Mchumaji wa karafuu aliyeanguka akavunjika uti wa shingo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake na mapafu yake yakabaki na makovu. Kijana mwenye maradhi ya kudhoofisha misuli ambayo mwishowe hufika kifuani. Watu hawa hawahitaji tena daktari bingwa kila saa. Wanahitaji hewa, usafi, chakula na mtu wa kuwaangalia. Wakibaki katika chumba cha wagonjwa mahututi, kitanda hukaa nao miezi na miaka, na mwengine anayefika na dharura hukosa pa kulazwa. Na wao wenyewe huishi mbali na watu wao, chini ya taa isiyozimwa. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa, zikiwamo Uingereza, Ufaransa na Marekani, zimezoea kuwarudisha nyumbani pamoja na mashine zao. Kwetu visiwani jambo hilo bado si la kawaida. Hata hivyo, penye chumba cha wagonjwa mahututi hapakosi kuja siku jamaa wakauliza: je, hatuwezi kumchukua mzee wetu nyumbani?

Jibu la swali hilo halimo ndani ya mashine. Limo katika mikono ya muuguzi wa majumbani, na katika namna mikono hiyo ilivyofundishwa.

Asiyeamini na aangalie mwanzo wenyewe wa tiba hii. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipatwa na mlipuko wa polio ambao haujapata kuonekana huko. Wagonjwa walipelekwa katika hospitali ya Blegdam, na baadhi yao walipooza misuli ya kupumulia na ya kumezea. Hospitali nzima ilikuwa na pafu la chuma moja tu, na vifaa vidogo sita vya kufungwa kifuani. Katika majuma matatu ya mwanzo walitibiwa hivyo wagonjwa 31 waliopooza pumzi, na 27 kati yao wakafa. Mkuu wa hospitali, Daktari Lassen, akamwita mtaalamu wa usingizi, Daktari Bjørn Ibsen, ambaye mwezi wa Agosti aliagiza binti wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho atobolewe koo, akamtia mpira, akaanza kumpumulisha kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mkono. Binti akanusurika.

Njia ikajulikana, lakini kila mgonjwa sasa alihitaji mkono wa kumbinyia mfuko mchana na usiku, na mikono hiyo haikuwapo. Ndipo wanafunzi wa udaktari walipoitwa. Takriban wanafunzi 1,500 walipokezana zamu kwa miezi, na saa walizokaa vitandani zikahesabiwa kuwa 165,000. Kuna siku ambazo wagonjwa 70 walikuwa wakipumulishwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu tisa katika kila kumi, vikashuka hadi kiasi cha robo. Vijana wale hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu waliokaa na mgonjwa mmoja muda wa kutosha hata wakamjua kwa uso wake, wakajua rangi yake anapokosa hewa, wakajua sauti ya makohozi yanapopanda. Tiba ya chumba cha wagonjwa mahututi, inayotumika leo duniani kote, ilianzia katika wodi zile; nayo ilianza na mikono ya watu kabla ya kuwa na mashine za kutosha.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1958 kijana wa Kiingereza, Robin Cavendish, aliyekuwa katika biashara ya chai nchini Kenya, alishikwa na polio akiwa na umri wa miaka 28. Alipooza kuanzia shingoni. Madaktari hawakumpa umri mrefu. Baadaye alisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na huko, kinyume cha ushauri wa madaktari, mkewe Diana akamtoa hospitalini akamchukua nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 rafiki yao, Teddy Hall, profesa wa Oxford, akamtengenezea kiti cha magurudumu chenye mashine ya kupumulia ndani yake. Mtu aliyehesabiwa kuwa wa miezi michache aliishi hadi mwaka 1994.

Watu hupenda kukumbuka kile kiti, na kweli kilikuwa uvumbuzi mkubwa. Lakini kiti hakijui kama mgonjwa amesongwa na makohozi. Mke alijifunza kufyonza, alijifunza kupumulisha kwa mkono, alijifunza kulala usingizi wa sikio moja. Tunasema haya kwa sababu imezoeleka kuwa habari za tiba zikisimuliwa, chombo hupewa jina na aliyekesha hutajwa mwishoni.

Basi kwa nini wengine hawakufuata njia hiyo mapema? Sababu kubwa ilikuwa fedha, au tuseme namna fedha zilivyofungwa. Nchini Marekani, katika jimbo la Iowa, alizaliwa mwaka 1978 mtoto aliyeitwa Katie Beckett. Akiwa na miezi michache alipata uvimbe wa ubongo uliomwachia udhaifu wa pumzi, akategemea mashine. Alipofika miaka mitatu madaktari walikubali kuwa angeweza kulelewa nyumbani, na gharama ya nyumbani ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya hospitali. Lakini kanuni za mpango wa serikali wa matibabu zilikuwa hivi: akilala hospitalini analipiwa; akirudi kwa mama yake halipiwi. Mwezi wa Novemba 1981 Rais Reagan aliitaja habari hiyo mbele ya waandishi kuwa ni mfano wa kanuni isiyo na akili, na kabla ya mwaka kwisha mtoto alikuwa nyumbani. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili majimbo yaweze kuwalipia watoto kama yeye majumbani. Bibi huyo aliishi hadi mwaka 2012, akawa mtetezi wa wenzake.

Tunaisimulia habari hiyo kwa watungaji wetu wa kanuni, khasa wakati huu ambapo Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 2023, ungali mchanga. Kanuni ni rahisi kuinyoosha ikiwa changa. Kama mfuko utajua kulipia kitanda tu na haujui kulipia zamu ya muuguzi nyumbani, wala mafuta ya jenereta, wala mipira ya kufyonzea, tutakuwa tumeijenga Iowa ya 1981 hapa hapa Unguja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi huidhani ni nyepesi. Muuguzi wa wodini akisikia mashine inalia, huinua sauti na wenzake wakaja. Yupo daktari, yupo fundi, ipo mashine ya pili upande wa pili wa ukuta, na oksijeni inatoka ukutani. Muuguzi wa nyumbani yuko peke yake. Mlango umefungwa, mama mtu amelala chumba cha pili kwa uchovu, na ubongo wa binadamu ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache mno. Gari la wagonjwa, hata likiwa karibu namna gani, halifiki ndani ya dakika hizo. Kwa hiyo yale ambayo hospitalini hufanywa na watu watano, nyumbani hana budi kuyajua mtu mmoja.

Jambo la kwanza analofundishwa ni la kuangalia wapi. Mashine inapolia, jicho la asiyezoea hukimbilia kwenye kioo cha mashine kusoma tarakimu. Aliyefundishwa humwangalia mgonjwa: kifua kinapanda? Midomo ina rangi gani? Anahangaika au ametulia? Ikiwa kifua hakipandi, hapana kusoma tena. Mashine huvuliwa, mfuko wa mkono ukaunganishwa kooni, na mgonjwa akapumulishwa kwa mkono, kama walivyofanya vijana wa Copenhagen. Kutafuta kosa la mashine ni kazi ya baadaye. Maneno haya ni machache na kila mtu anaweza kuyakariri kwa siku moja. Kuyatenda mtu akiwa ameshituka usingizini, mikono ikitetemeka, ndiko kunakotaka mazoezi ya wiki nyingi.

Kisha kuna kuzijua sauti. Mashine ikilia kwa sababu shinikizo limezidi, yaelekea njia imezibwa: makohozi yamejaa, au mpira umekunjwa chini ya mgongo wa mgonjwa, au mgonjwa anakohoa. Ikilia kwa sababu shinikizo limepungua, yaelekea hewa inavuja: mpira umechomoka, au puto dogo linaloziba kandokando ya mpira wa kooni limeishiwa na upepo. Maji hukusanyika ndani ya mipira kwa sababu ya mvuke unaotiwa kulainisha hewa. Yakiachwa yakarudi kwa mgonjwa, yanaweza kumsonga au kumtia vijidudu mapafuni, na kwa hiyo humwagwa kuelekea nje, si kuelekea kooni. Chujio la hewa husafishwa au hubadilishwa, na katika nchi yenye vumbi la kiangazi na chumvi ya bahari kama yetu, haliwezi kungojewa mpaka lichafuke mbele ya macho.

Na kufyonza makohozi, kazi inayofanywa mara nyingi mchana na usiku, ina adabu yake. Mikono husafishwa kwanza. Kimrija huingizwa kwa kina kilichopimwa, si kwa kubahatisha, kwani kikipita kiasi hujeruhi nyama za ndani zikatoka damu. Hakikawii ndani zaidi ya sekunde chache, maana wakati wa kufyonza mgonjwa hapumui. Husemwa muuguzi naye azuie pumzi yake, ili aonje kidogo anachokionja mgonjwa. Kupita haya yote ni kule kubadilisha mpira wa kooni wenyewe. Mpira ukiziba kabisa na kufyonza kukashindwa, hakuna kungojea daktari. Hutolewa ukatiwa mwengine hapo hapo, na ndiyo sababu kando ya kitanda daima huwekwa mipira miwili ya akiba: mmoja wa saizi ile ile, na mmoja mdogo zaidi kwa kuwa tundu hujikaza upesi. Tumewasikia wauguzi wa miaka mingi wakikiri kwamba hofu ya mara ya kwanza haisahauliki.

Je, makosa hutokea? Hutokea, tena huko huko kwenye utajiri. Mwaka 2002, taasisi inayokagua ubora wa hospitali za Marekani, Joint Commission, ilitoa onyo lililotokana na visa 23 vya wagonjwa waliokuwa katika mashine za kupumulia. Kati yao 19 walikufa na wanne wakabaki katika kuzimia. Visa hivyo vilitokea zaidi hospitalini, palipo na watu. Zaidi ya nusu vilihusu mpira uliochomoka. Zaidi ya nusu, vilevile, vilihusu kengele ya tahadhari iliyotumiwa vibaya au isiyosikika. Hapana hata kisa kimoja kilichotokana na kuharibika kwa mashine yenyewe. Sababu iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa upungufu wa mafunzo ya wafanyakazi.

Kwa upande wa majumbani, madaktari wa watoto wa Los Angeles walichapisha mwaka 2010 habari za watoto waliowafuatilia kwa miaka 22 wakiwa nyumbani na mashine zao. Waliona kuwa karibu nusu ya vifo havikutarajiwa. Yaani havikuletwa na ugonjwa kuendelea mpaka mwisho wake. Msomaji asituelewe vibaya. Walio wengi katika watoto wale waliishi, na kuishi nyumbani. Lakini vifo vya namna ile ndivyo vinavyoulizwa: nani alikuwapo, na alijua nini?

Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Kifua cha Marekani kilitoa mwongozo juu ya watoto hawa. Kilisema awepo wakati wote mtu aliye macho na aliyefundishwa, na kwamba katika familia wafundishwe watu wasiopungua wawili kabla mtoto hajatolewa hospitalini. Aliye macho. Neno hilo dogo ndilo ghali kuliko mashine. Saa 24 zina zamu tatu, na hakuna mama awezaye kuwa zamu tatu peke yake kwa juma moja, seuze mwaka mzima. Ndiyo maana muuguzi wa usiku si anasa ya familia; usiku ndipo mama anapolala ili kesho aweze tena.

Huko Marekani kwenyewe kazi hii inashikwa kwa shida. Vyuo vya uuguzi humfundisha mwanafunzi mambo mengi, na mashine ya kupumulia ni sura moja fupi. Muuguzi mwenye cheti halali anaweza kupelekwa nyumbani kwa mgonjwa baada ya maelekezo machache na karatasi ya kutia saini kuwa ameelewa. Karatasi ya saini! Sote tunazijua karatasi hizo, na hazipatikani Marekani tu. Walioona hatari yake wameanza kufundisha kwa njia nyengine: mwanasesere mwenye tundu la kooni hulazwa kitandani, mashine halisi ikaunganishwa, mwalimu akaziba mpira kwa siri au akachomoa waya wa umeme, kisha akashika saa na kutazama. Mwanafunzi hukosea, mwanasesere hafi, na zoezi hurudiwa mpaka mkono uende wenyewe. Baadaye muuguzi hukaa zamu kadhaa nyumbani pamoja na aliyemtangulia, kwani kila mgonjwa ana desturi yake, na mama wa mgonjwa aghalabu ndiye mwalimu bora nyumbani humo. Muuguzi asiyekubali kufundishwa na mama asiyesoma hafai kazi hii.

Turudi visiwani, kwani hapa pana mambo ambayo vitabu vya Copenhagen na Iowa havikuyaandika.

La kwanza ni umeme. Wananchi wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, waya wa baharini utokao bara ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Wala hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya jenereta, mishumaa na ndoo za maji. Tangu hapo mambo yamekuwa bora. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi mwaka 2013. Lakini kisiwa ni kisiwa, na umeme wake unapita chini ya bahari. Mashine ya nyumbani huwa na betri, nayo hudumu kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo muuguzi wetu hana budi kufundishwa jambo ambalo mwenzake wa London hulifikiria mara chache: betri ya pili imejazwa? Jenereta ya jirani inawaka? Nani atabinya mfuko, na kwa zamu gani, umeme ukichelewa mpaka asubuhi?

Tena si lazima waya wa bahari ukatike. Yatosha umeme wa Tukuza umalizike usiku na hakuna mtu aliyenunua mwengine. Mtu anaweza kucheka, lakini nyumba ngapi zimewahi kuzimikiwa wakati wa kupika daku? Kwa mgonjwa wa mashine, hesabu ya mita ni sehemu ya kipimo cha afya yake, na ingefaa muuguzi aiandike katika daftari pamoja na joto la mwili. Shirika la Umeme nalo lingeweza kuweka orodha ya nyumba za namna hiyo, ili zipewe taarifa kabla ya matengenezo na kutangulizwa umeme unaporudi.

La pili ni bahari. Muuguzi aliyeko Mkoani au Micheweni akikwama hawezi kumngoja bingwa avuke kutoka Unguja. Mafunzo yakiwekwa mjini tu, Pemba itabaki kupokea mashine na maagizo ya simu. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2016. Hatuoni sababu kwa nini chumba cha mazoezi kisiwe huko sawa na Mnazi Mmoja.

La tatu ni sisi wenyewe. Nyumba zetu zina watu, na hiyo ni neema ambayo Wazungu wengi hawanayo. Mgonjwa wetu hakosi shangazi, binamu wala jirani. Lakini wingi wa watu si wingi wa ujuzi, na nyumba yenye wageni ishirini wa kumjulia hali mgonjwa inaweza kuwa nyumba ambayo hakuna hata mmoja anayeisikia kengele. Pana kazi ya kuchagua wawili au watatu wakafundishwa kwa makini, na wengine wakapewa kazi nyengine za kheri: kununua umeme, kufua, kupika, kumpisha mama alale. Pana pia kazi ya kuwaeleza wageni, kwa heshima na bila kuwavunja moyo, kwamba mwenye mafua abaki barazani na ubani usifukizwe chumbani.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mawazo ya nchi tajiri, na kwamba nchi ambayo mjamzito huweza kukosa usafiri haina haki ya kuzungumzia mashine za majumbani. Pingamizi hili ni zito na hatulipuuzi. Sisi hatusemi kwamba wagonjwa waanze kutolewa kesho. Kinyume chake, tunasema kuwa mgonjwa asitolewe hata mmoja mpaka watu wake wawe tayari, kwani kumpeleka nyumbani bila mlinzi aliyefundishwa ni kumhukumu, na kuiachia familia majuto ambayo si makosa yake. Lakini tuangalie masomo yenyewe. Kufyonza makohozi, kupumulisha kwa mfuko, kusoma rangi ya midomo, kutunza tundu la kooni, kuhesabu saa za oksijeni katika mtungi: haya humfaa mzee mwenye saratani ya koo aliyerudi Makunduchi, humfaa mtoto mchanga asiyelia katika kituo cha afya cha kijijini, humfaa aliyepatwa na kiharusi asiyeweza kumeza. Muuguzi aliyeyajua kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa mashine atayatumia kwa wagonjwa mia wasio na mashine. Mashine inaweza kusubiri. Mafunzo hayana haja ya kuisubiri.

Lipo pia jambo la heshima ya wauguzi wenyewe. Muuguzi wa majumbani huonekana na baadhi ya watu kama mtu aliyekosa nafasi wodini. Ujira wake, marupurupu yake na nauli yake hupangwa kwa fikra hiyo. Ukweli ni kwamba huyu ndiye anayebeba mzigo bila mtu wa kumsaidia kuubeba, na anayestahili mafunzo zaidi, si machache. Akishafundishwa naye atatafutwa na waajiri wa bara na wa ng'ambo. Hatuna njia ya kumfunga kamba. Tunayo njia ya kumlipa.

Kwa hayo tunatoa maombi mahususi. Skuli ya afya ya Chuo Kikuu cha Taifa pale Mbweni itengewe chumba chenye kitanda, mwanasesere, mashine moja ya kupumulia na mashine ya kufyonzea, na chumba kama hicho kiwepo Pemba. Waanze wauguzi kumi, watano kwa kila kisiwa, wafunzwe kwa mikono na wapimwe tena kila baada ya miezi sita, kwa kuwa mkono husahau. Mtoaji wa msaada anapoleta mashine, mkataba ueleze atamfundisha nani, kwa muda gani, na vipuri vitatoka wapi. Asiyeweza kueleza hayo ashukuriwe kwa nia yake njema na aombwe arudi baadaye. Na kabla ya kikao kijacho cha bajeti katika Baraza la Wawakilishi, tunaiomba Wizara itwambie hesabu moja tu. Hesabu hiyo isiwe ya mashine zilizopokewa. Iwe ya wauguzi, kwa Unguja na kwa Pemba, ambao wamewahi kubadilisha mpira wa kooni kwa mikono yao, mbele ya mwalimu aliyesimama kuwasahihisha.